Vidonge vya Kopo la Vifungo

Dada yangu ni fundi cherehani, na hatupi kitu. Nusu ya zipu, kipande cha uzi, vyote vinaingia kwenye kopo la vifungo. "Vitafaa," husema. Jamani, hata vidonge!

Choo cha kazini kiko ghorofa ya chini, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi mwenyewe hapatikani. Basi dada hanywi maji, anabana mkojo mpaka amalize pindo. Nikimsema, ananijibu, "Wewe shona vifungo, mdogo wangu."

Mkojo ulipoanza kumchoma, kila saa anakimbilia choo cha nyumbani na yanatoka matone tu, akafungua kopo. Ndani mlikuwa na vidonge vinne, mabaki ya dozi. Akameza, akapata nafuu, akaanza kuimba. Siku ya tatu homa ikapanda, akatetemeka huku ameshika ubavu. Nikamkimbiza hospitali.

Daktari alimgonga taratibu mgongoni, chini ya mbavu. Dada akapiga ukelele. "Maambukizi yamefika kwenye figo," daktari akasema. Wakachukua mkojo wa kuotesha vijidudu maabara, wajue dawa ipi inaviua, wakaanza sindano huku tukisubiri majibu. Niliogopa kumpoteza, sifichi.

Mchana wodi ilikuwa nyeupe, kimya, pazia likipanda na kushuka lenyewe. Vidole vya dada vilikuwa vinashona shuka bila sindano. "Kitambaa hiki hakiishi," akaninong'oneza. "Kimeshatoka dirishani. Shika huko, kisiburuzike." Nikashika ncha. Usingizi ukanijia nikiwa nimekaa, na mimi nikakiona: cheupe, kikipita polepole juu ya mapaa, naye yuko mbali upande wa pili, anashona. Nilijua nikiachia tu, ataondoka nacho. Nilipozinduka vidole vilikuwa vimekufa ganzi, shuka bado mkononi.

Majibu yalitoka baada ya siku mbili. "Vijidudu hivi vimeizoea dawa aliyomeza," daktari akasema, akabadilisha na sindano, maana ilikuwa ya jamii ileile. "Nani alimpa?"

"Niliviokota tu," dada akawahi kujibu, sauti haitoki vizuri.

Mwongo mkubwa! Vilikuwa vyangu. Mwaka jana nilichomwa na mkojo mimi, nikapona mapema, nikaacha dozi katikati, nikatia vilivyobaki koponi. Alijua siku zote.

"Ni mimi, daktari," nikasema, nikalia kama mtoto.

Homa ilishuka, akaruhusiwa kumalizia dozi kwa vidonge nyumbani. Leo dada amemeza kidonge cha mwisho mbele yangu, akanitupia karatasi tupu ya dawa. "Weka koponi," akanitania. "Itafaa."