Utani wa Nyanya Haukuwa wa Kila Mtu

Nilikosea mapema. Nilipopata simu yangu ya kwanza nzuri, niliwakusanya watu wote wa nyumba yetu katika kundi moja: baba na mama, ndugu za baba na wake zao, na sisi wajukuu. Nilikagua kila namba. Nikaweka picha ya kilima chetu, nikaitoa, nikairudisha. Nilijiona nimewajengea watu wangu sebule.

Juzi nilipanda kwetu, juu kidogo ya kiwanda cha chai cha Itumbe, nikapita penye jiko la zamani la nyanya. Mlango umefungwa kwa waya. Ndani wanaweka mbolea. Nilisimama pale nikinusa mbolea mahali nilipozoea kunusa moshi, na tangu hapo sijatulia, ndiyo maana nakuandikia.

Lilikuwa jiko la udongo lenye paa la mabati. Mvua ya kwetu huja alasiri, na ilipokuja tulikimbia kutoka shambani na vikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, tukajibanza karibu na mafiga. Nyanya alikuwa akipika chinsaga, zile mboga chungu ambazo huwekwa maziwa na kuachwa motoni hadi zikubali kulika. Mara nyingi ziliungua kidogo, kwa sababu alikuwa akiongea. Sijala chinsaga tamu kama zile zilizoungua.

Sisi wajukuu alituita waume zake na wake wenza. Ndiyo desturi yetu: nyanya na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana bila mpaka.

“Bwanangu huyu hata kuni hajui kupasua,” aliwaambia wenzangu. “Mimi nilidanganywa na waliomleta.”

“Nikuache basi?” nilimuuliza.

“Uende wapi na miguu hiyo? Kaa hapo, ule.”

Akamgeukia binamu yangu: “Na wewe, mke mwenza, sogea. Unanizibia moto, na mume pia unamtaka.”

Haya ninayaandika kwa Kiswahili, lugha niliyojifundisha kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Utani wenyewe ulikuwa wa Ekegusii, na nusu ya utamu wake imebaki huko.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa yetu peke yetu. Kati ya mzazi na mtoto aliyemzaa kuna chinsoni, ile haya ya heshima inayomzuia baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa, na kumzuia mwana kusikia neno lolote la chumbani kutoka kwa mama yake. Baba alijua kinachoendelea jikoni kwa mama yake, kwa kuwa naye alikuwa mjukuu wa mtu. Kwa hiyo hakuja kimya. Akiwa bado kwenye migomba alianza kuuliza kwa sauti, “Ng'ombe amekunywa maji?” ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyemnywesha. Nyanya, katikati ya sentensi, bila hata kupepesa jicho, alisema, “…na mvua hii itaozesha maharagwe.” Baba aliingia akakuta habari za maharagwe. Sisi tulikuwa tunauma vikapu tusicheke.

Hakuna aliyetufundisha mambo hayo kwa maneno. Ukuta ulikuwa pale, kila mtu alijua mlango uko upande gani.

Nilipokuwa mkubwa nilihamia mtaa wa Nyanchwa, mjini, nikapanga chumba, nikajifunza peke yangu kusafisha sauti kwa simu. Hofu ikanishika kwamba nyanya atatutoka na maneno yake yapotee. Nikarudi siku ya mvua, nikaweka simu juu ya kinu ikirekodi, naye akatusimulia jinsi babu alivyokuja kumchumbia akiwa na suruali iliyopasuka nyuma, na jinsi yeye nyanya alivyomsindikiza njia nzima akitembea hatua chache nyuma yake. “Ng'ombe wa mahari hawajatoka kwao,” alisema, “lakini mali mimi nilikuwa nimeshaiona.” Tulicheka hadi binamu akamwaga chai.

Kule chumbani nilifanya kazi kama mtu anayepasua jipu. Niliondoa mvua kwenye mabati. Niliondoa moto, na kikohozi cha nyanya, na kicheko chetu pale kilipozidi. Nilisikiliza tena na tena hadi ikawa sauti yake tupu, safi kama ya redioni. Kisha nikaituma kwenye kundi la familia. Nilingoja sifa.

Niliona alama za kusomwa zikijaa. Hakuna aliyeandika. Baba mdogo akajiondoa kwenye kundi. Halafu baba akapiga.

“Ni wewe umetuma hiyo kitu?”

“Ndio, baba.”

“Nimesikia mama yangu,” alisema. Akakata.

Niliifuta, lakini mtu alikuwa ameshaituma mbele. Nyanya mwenyewe alikutana nayo kwenye kituo cha kupimia majani chai, amesimama foleni na kikapu chake, ikitoka kwenye simu ya kijana wa boda. “Magokoro,” yule kijana alimwita kwa lugha yetu, yaani nyanya, “hiyo mali ilikuwa aje?” Watu walicheka. Wanawe wawili walikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, wakitazama chini. Nyanya alipimiwa majani yake, akaenda nyumbani.

Nilimfuata. Nilimkuta akipukuchua maharagwe.

“Nyanya, nilitaka isipotee.”

“Sasa imepatikana?”

Nilichukua maharagwe nikaanza kupukuchua naye. Akauliza, “Wanasema umeisafisha. Uliondoa nini?”

“Mvua. Moto. Kikohozi chako.”

Alipepeta maharagwe kwenye ungo.

“Na baba yako hukumwondoa.”

Watu huniambia simu imetuleta karibu. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Sisi tulikuwa na utaratibu wa kuwa mbali, tuliouheshimu ili tuweze kupendana: huyu asisikie hili, yule agonge kwanza, mwingine aulize habari za ng'ombe. Simu haina migomba ya mtu kupitia akipaza sauti. Inamketisha baba mkwe na mkamwana, mama na wanawe, kwenye kiti kimoja, halafu inatushangaa tunapokaa kimya. Mimi niliyejifundisha kila kitu ndani yake sikuwahi kujiuliza ni nani atakuwa anasikiliza. Nilikagua sauti tu.

Jiko lile liliachwa mwaka huo huo. Mama alimnunulia nyanya jiko la gesi, akahamishiwa chumba cha nyumba kubwa, na watoto wa binamu zangu wakimtembelea hukaa naye kila mmoja akiinamia kioo chake. Hawajui kwamba wao ni waume na wake wenza wa mtu.

Siku hizi sirekodi mtu. Baba na mimi tunaongea, habari za majani na za kanisa. Nyanya yuko hai, ana nguvu, na anaongea nasi wajukuu kama anavyoongea na mchungaji: anatusalimu, anauliza kama tumekula, ananyamaza.