Aliyeupa Mchezo Mgongo

Dalmas Ogola alisimamia watazamaji wa mpira mjini Nakuru kwa miaka mingi, lakini mabao aliyoyaona kwa macho yake hayakuwa mengi. Jumapili alasiri, timu ya reli ilipocheza, alichuchumaa kwenye mstari wa chokaa akiupa mchezo mgongo. Bao aliliona katika nyuso za watu.

Siku za kazi alikuwa akiunganisha mabehewa ya treni stesheni. Jumapili kamati ya michezo ilimpa utepe mwekundu wa mkononi, pamoja na kiboko. Utepe aliuvaa, kiboko akakiacha. Wasimamizi wenzake waliwachapa watu miguuni ili warudi nyuma ya kamba, yeye aliwaomba. Wazee aliwaketisha mbele. Akina mama wenye watoto aliwaweka nyuma ya goli, karibu na nafasi aliyoiacha bila kamba, ili msukumano ukizidi wapate pa kutokea.

"Ogola, unatuchunga kama ng'ombe!" Kosgei, muuza maziwa, alizoea kumtania.

"Ng'ombe ana adabu, Kosgei. Rudisha hayo magoti, mzee wangu hapa haoni kitu."

Watu walicheka, na Kosgei akarudisha magoti.

Kwenye nafasi ile ndipo alipouzia Wariara viazi vitamu vya kuchemsha. Alikuwa jirani wa Ogola, na ndiye aliyempokea Joash, mtoto wa kwanza wa Ogola, mkunga alipokosekana. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wakikuyu walisakwa mashambani na mjini, na asiyekuwa na pasi, kibali cha serikali cha kukaa huko, alipakiwa kwenye lori akapelekwa rizavu, eneo walilotengewa. Pasi ya Wariara ilikuwa bado haijatoka. Kila alipokwenda kuiulizia aliambiwa arudi Jumatatu.

Jumapili moja, katika kipindi cha pili, Ogola aliona nyuso zikigeukia barabarani, na akajua hilo si bao. Malori yalikuwa yamesimama. Askari wenye bunduki walikuwa wanashuka.

Umati ukainuka kwa pamoja. Kamba ikavutika, mtoto akalia chini ya miguu ya watu. Ogola alijua kwamba wakikimbia watoto watakanyagwa. Alijua pia kwamba siku zile aliyekimbia alipigwa risasi kwanza, akaulizwa jina baadaye.

"Kaeni, watu wangu! Taratibu. Wazee, kaeni. Akina mama, shikeni watoto. Asikimbie mtu."

Wariara alikuwa ameshasimama kwenye ile nafasi. Mbele yake palikuwa na kiwanja kitupu, kisha mahindi marefu.

"Baba Joash, niende?"

Ogola akatazama mahindi, akatazama bunduki.

"Kaa, dada. Ukikaa hawatakufanya kitu."

Wariara akakaa. Uwanja mzima ukakaa.

Askari wakapita kati ya watu wakidai pasi. Hakuna aliyekanyagwa, wala risasi haikulia. Wariara alikuwa akieleza habari za Jumatatu hadi alipopandishwa kwenye lori pamoja na wenzake, na hata huko juu aliendelea kueleza, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena.

Kisha inspekta Mzungu akaja akamshika Ogola mkono mbele ya watu wote.

"Mzuri sana, Dalmas! Leo wewe nasaidia sisi sana!"

Alisema kwa sauti kubwa, kwa furaha ya kweli. Ogola alisimama mkono wake ukiwa ndani ya mkono ule, na watu wakawa wanamtazama yeye.

Nyumbani, mkewe Akoth alikuwa ameshasikia.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi Mzungu alikushukuru kwa lipi?"

Asubuhi Ogola alikwenda kituoni kumtafuta Wariara, akaambiwa lori lilikwisha ondoka. Hakuna aliyemwambia limekwenda wapi. Akoth akavihifadhi vyombo vya jirani yake juu ya kabati, na kwa siku kadhaa hakuzungumza na mumewe ila kumwita kula.

Mechi iliyofuata Ogola alivaa utepe, akachuchumaa mstarini.

"Wazee wangu, tafadhalini kaeni, walio nyuma hawaoni."

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyekaa pia. Hata akina mama walisimama, watoto wakiwa wamefungwa migongoni.

Kosgei alikuwa mbele, naye siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mimi najua hukujua," alisema polepole. "Na mimi ni Mkipsigis, hawanitafuti. Lakini huyu aliye nyuma yangu je? Ukimwambia akae, utamwambia pia nani anakuja?"

Lori la mbao likapita barabarani likitokea Elburgon, na safu nzima ikageuza vichwa, ikabaki hivyo mpaka mlio wake ulipopotea.

Ogola aliinuka. Akaenda kwenye kigingi cha kwanza, akaifungua kamba, kisha cha pili, hadi uwanja wote ukawa wazi. Watu walimwagika mpaka kwenye chokaa, kila mmoja akachagua mahali ambapo angeweza kukimbia. Refa akapiga filimbi kuusimamisha mchezo. Ogola aliikunja ile kamba peke yake. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemshikia ncha ya pili.