Tulivyomngoja Kibali

Juzi, nikimsainia mjukuu wangu karatasi ya shule ili akauone mlima Muhabura, nilimkumbuka Kibali.

Nilikuwa mtoto, na baba alikuwa amepanga kila kitu: tutoke Nakivale tukalale Mbarara, alfajiri tupande lori la kwenda mlimani, jioni turudi. Kikapu kilinukia viazi vitamu, nasi tulikaa mlangoni tumeshavaa viatu.

"Tunangoja kibali," baba alirudia mchana kutwa.

Nikadhani ni dereva. "Huyo Kibali anakaa wapi?"

"Ofisini," mama alijibu kwa kuchoka.

Jioni tulikula viazi vya safari palepale mlangoni, nami nikamlaani mtu huyo.

Sasa najua kibali kilikuwa karatasi ya kuturuhusu kutoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi. Lakini karatasi haikai ofisini yenyewe. Kuna mtu aliyeikalia. Nilikosea jina lake tu.