Novena ya Figo Nzima

Mchumba wangu alijifunza mapenzi kwenye filamu. Simsingizii, alisema mwenyewe. Alikuwa na kibanda cha kuwaingizia watu filamu kwenye flashi hapo Moshi mjini, na zile za mapenzi za kuchekesha alizitazama zote. Humo mwanamume humdanganya mwanamke mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha hukimbia kwenye mvua, akaomba radhi, akapewa busu.

Basi akanipigia simu kuniambia figo zake zimekufa. Nikamjibu nitampa moja yangu. Sikusita, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimweleza mama, mama akaieleza jumuiya yetu huku Kilema, na kwa siku tisa watu walisali novena sebuleni kwetu kuombea figo zisizo na tatizo lolote.

Siku ya kumi nilishuka mjini kuulizia vipimo vya mtoaji. Nilimpitia kibandani anisindikize. Akacheka, akanikabidhi maua ya plastiki.

“Nilikuwa nakupima tu, bebi. Umefaulu!”

Kwenye filamu, hapo muziki huanza. Mimi nilipanda gari nikarudi kumwambia mama, naye akawaambie waliosali.

Jumapili baada ya misa mchumba akaja nyumbani na mjomba wake, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu mkosaji akikuletea isale, hukatai. Unasamehe, hata kama kosa ni la damu. Alikuwa amepata silaha ambayo filamu zake hazikuwa nayo.

“Shikamoo baba, shikamoo mama,” akasema, akapiga magoti mbele yangu. Jumuiya nzima ilikuwa uani. Walikuwa wamesali siku tisa, walistahili kuona mwisho.

Niliogopa. Nilikuwa bado nampenda, na nilijua nikilipokea tu, ndoa itapangwa kabla chai haijapoa.

“Mwanangu,” baba akasema, “isale halikataliwi.”

“Sikatai, baba.”

Nikalipokea kwa mikono miwili. “Nimekusamehe, tena kwa moyo. Lakini kuolewa na wewe, hapana.”

Mjomba akamtazama baba. Baba akalitazama jani kwa muda mrefu.

“Amesamehe,” akasema. “Karibuni chai.”

Walipoondoka mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama getini akilowa, akinitazama. Nikampelekea mwavuli wa mama, nikarudi ndani kuosha vikombe.