Kitabu Kilichopewa Adhabu ya Mnyororo

Etelvina Chuquilín hakuomba kuwa mtunza vitabu. Alichaguliwa mkutanoni kwa sababu siku hiyo hakuja, na hapa kwetu Yerbasanta asiyekuja mkutanoni ndiye hubebeshwa kazi ambayo wote wameikwepa. Aliporudi kutoka kuchunga akakuta vitabu vilivyoletwa kutoka mjini vimelundikwa juu ya kitanda chake. Akaja kwangu amefura.

"Zoila, shoga yangu, kweli ulikaa pale ukanyoosha mkono nichaguliwe mimi?"

"Nilinyoosha yote miwili," nikamwambia.

Tukanuniana mpaka viazi vikapaliliwa.

Vitabu akavihamishia kwenye rafu aliyokuwa akianikia jibini, ndiyo maana mpaka leo vinanukia maziwa. Vile vya magonjwa ya kondoo na vya mbolea, wanaume walivigombania. Zikabaki riwaya za watoto, za wale ambao meno yote yameshaota lakini akili bado inarukaruka. Zilijaa mapango, mashua zinazopaa, na wanyama wenye adabu kuliko baba zetu. Hakuna aliyezigusa. Basi Etelvina akaanza kuzisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, sufu ya kusokota imesahaulika kwapani. Nikipita namkuta anacheka peke yake. Nikajisemea, masikini, ujane umempanda kichwani.

Kumbe alikuwa anazijua moja moja, kama mtu anavyowajua mbuzi wake. Na watoto walipoanza kuja, hakuwauliza wanataka kitabu gani. Mtoto wa huku atajuaje? Alimkalisha mtoto jikoni, akampa mahindi ya kukaanga, akamuuliza: "Haya, niambie. Swali gani umeambiwa nyumbani unyamaze nalo?"

Mmoja akasema, "Nimeuliza kwa nini babu anaongea na nyumbu wa mizigo lakini haongei na bibi."

"Ukaambiwaje?"

"Nikapigwa kofi."

Etelvina akacheka hadi akashika mbavu, halafu akamtolea riwaya ya kijana aliyeamka asubuhi anaelewa lugha ya wanyama, akajuta. Mwingine alitaka kujua ni nani anayejibu ukiita kule korongoni. Huyo naye akapata chake. Na mtoto akirudisha kitabu hajakimaliza, hakugombezwa. "Hakikuwa chako hicho," angemwambia, "tujaribu tena." Mimi nilikuwa nakaa pembeni namenya viazi, najifanya sisikii, na huku najiuliza mimi mwenyewe ningemjibu nini. Hakuniuliza hata siku moja, na hilo liliniuma.

Sasa, Nélida. Huyu ni binti wa Eladio, mpiga ngoma wa sikukuu zetu, mtoto mwembamba mwenye macho ya kudadisi mpaka unajihisi una deni naye. Alikaa pale jikoni, akatafuna mahindi yake taratibu, akasema:

"Mimi nataka kujua chini ya ziwa kuna nani."

"We mtoto, funga mdomo!" nikaropoka.

Maana ziwa letu la kule juu si la mchezo. Ukipita pale unavua kofia na unanong'ona. Mtu akipiga kelele, ziwa linakasirika, na likikasirika linatuma mvua ya mawe. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa nalo. Etelvina akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akanyoosha mkono rafuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ndugu watatu waliopotelewa na mbuzi mwenye kengele. Wanakwenda kupiga ngoma kando ya ziwa, maji yanafunguka, wanashuka ngazi hadi mji ambako kila kilichopotea duniani kinatunzwa: mbuzi, kofia, funguo, hata majina ya watu waliosahauliwa. Mtunza mji hataki kurudisha kitu bure. Nélida alikimaliza, akampa mwenzake, naye akampa mwingine, wakawa wanakutana kwenye uzio wa mawe wananong'onezana. Tulifurahi jinsi walivyotulia. Watoto wakitulia, jamani, uwe na wasiwasi!

Siku moja wakabeba ngoma ya Eladio na filimbi, wakapanda kule juu. Wakapiga ngoma. Wakapiga kelele, tena Nélida mbele: "Fungua! Tumekuja kuchukua vyetu vilivyopotea!" Ziwa halikufunguka. Wakarudi nyumbani wamenywea. Na alasiri hiyo hiyo, mbingu ikawa nyeusi, mawe yakashuka makubwa kama maharage, yakapiga mashamba yote ya njegere. Njegere zangu, zilizokuwa zimeanza kutoa maua! Nilisimama mlangoni nikalia kwa sauti, sioni haya kusema.

Jumapili tukaitwa mkutanoni. Mwenyekiti wa sungusungu wetu ni Clodomiro Tafur, mtu ambaye hata siku ya harusi yake hakuonyesha jino. Yeye alikuwa amepoteza njegere zote, wala hakuwa na viazi vya kumfariji. Akasimama, kofia yake ya ukindu imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Tumejua chanzo," akasema. "Riwaya zote zipakiwe kwenye nyumbu Jumatano, zirudishwe mjini. Za kondoo zibaki."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia. Halafu nikamwona Etelvina, nikaacha. Jana yake, fununu zilipomfikia, alikuwa amekaa kwangu hajagusa hata supu. "Wakizichukua, Zoila," aliniambia, "watoto hawatapita tena kwangu. Nitabaki na kondoo na magonjwa yao. Nimeshazoea maswali yao, mwenzio. Nitaishije na ukimya ule tena?"

Sasa akasimama, shali imemteleza begani.

"Ndugu mwenyekiti, tangu lini hapa kwetu mtuhumiwa anahukumiwa hajajitetea? Hata yule mwizi wa ng'ombe mlimpa nafasi, akaongea mpaka tukasinzia."

"Kitabu si mtu," Clodomiro akajibu.

"Kama si mtu, kimekosaje?"

Watu wakaguna. Clodomiro akatafuna majani yake ya koka kwa muda. Ni mgumu, lakini utaratibu anauheshimu kuliko mama yake. "Haya," akasema. "Kijitetee. Nani atakuwa mdomo wake?"

Nélida akasukumwa mbele. Baba yake akamtazama kwa jicho la kumwonya, lakini mkutano ulikuwa umeshaamua. Mtoto akafungua kitabu, akaanza kusoma, mwanzoni kwa sauti ya mbu.

"Sauti!" wakamfokea kutoka nyuma. "Mtuhumiwa aseme tusikie!"

Akapaza sauti. Wanawake tukatoa sufu zetu tukawa tunasokota. Alipofika pale mbuzi anapowatoroka wale ndugu na kuzama ziwani, mzee mmoja akaruka. "Muongo huyo! Mbuzi hapendi maji hata kidogo!"

"Labda alikuwa na kiu," mkewe akamjibu.

"Kiu ya kuzama nayo?"

"Nyamazeni, tumefika kwenye ngazi!" nikapiga kelele mimi, na wote wakageuka kunitazama. Potelea mbali. Nilitaka kujua.

Jua likasogea. Viazi vya kuchemsha vikapitishwa, na rojo ya pilipili, hakuna aliyeondoka. Ndugu wale walipofika kwenye nyumba ya majina yaliyosahauliwa, mdogo akasikia jina la bibi yake likiitwa ndani ya gudulia, nikaona mama mmoja anajifuta pua. Clodomiro hakusogea, hata koka hakutafuna. Nélida alipofunga kitabu, Etelvina alikuwa amekumbatia magoti yake, anasubiri hukumu.

Clodomiro akasimama.

"Kimesikilizwa. Kina makosa. Kimewaambia watoto wapige kelele ziwani, na kuhusu mbuzi kimesema uongo." Etelvina akainamisha kichwa. "Nyumbu hatapakiwa. Mkosaji wa hapa hukumu yake ni ya hapa. Kipewe mnyororo."

Mnyororo kwetu ni adhabu ya wezi. Mkosaji anakabidhiwa kitongoji cha jirani, anafanya kazi huko, wakiridhika wanamkabidhi kitongoji kinachofuata, hivyo hivyo mpaka azunguke mlima wote na kurudi. Watu wakaangua kicheko. Clodomiro hakucheka.

"Kazi ya kitabu ni kusomwa," akasema. "Kikasomwe kila kitongoji, mbele ya watu, mpaka waridhike. Binti aliyekuwa mdomo wake ataongozana nacho. Na wewe Eladio utamsindikiza. Ngoma iliyopigwa ni yako."

Eladio akaanza kunung'unika.

Basi kikaenda. Kila Jumapili tulimwona Nélida anapanda njia ya mlimani, mshtakiwa kafungwa kwenye shali mgongoni kama mtoto, baba yake nyuma ananung'unika. Baada ya muda akaacha kunung'unika, akawa ndiye anayemharakisha. Habari zikatufikia kwamba kitongoji kimoja kimeomba kisikilizwe mara mbili, kwani waliochelewa wamelalamika. Kile cha mwisho kabisa, kule kwenye ukungu, kikakataa kukiachia. Nélida na baba yake wakarudishwa bila kitabu, na ujumbe wa mdomo: mshtakiwa bado ana kiburi, tumemwongezea muda.

Clodomiro akapanda mwenyewe kwenda kukidai. Akakaa huko siku mbili. Akarudi mikono mitupu, akaja moja kwa moja hadi kwa Etelvina, na mimi nilikuwepo namenya viazi vyangu.

Akavua kofia. Akaitazama ile rafu ya jibini kwa muda mrefu.

"Wenzake ndio hawa?"

"Ndio hao, ndugu mwenyekiti."

"Jumapili nataka mmoja mkutanoni."

"Kwa kosa gani?" Etelvina akauliza.

Clodomiro akakohoa, akazungusha kofia mikononi.

"Wiki nzima mvua haijanyesha," akasema. "Lazima kuna kitabu kina mkono hapo."