Pua Yangu Ilivyopokea Simu ya Baba Mkwe

Nawaambia ninyi tu kwa sababu mngesikia kwa watu wengine na wangeongeza chumvi, ingawa kusema kweli hapa hakuna pa kuongeza. Nimewahi kuaibika shuleni, nimeaibika kanisani, lakini ile siku niliaibishwa na pua yangu mwenyewe, mbele ya watu ambao nilikuwa nawaomba binti yao.

Tulikuwa tunakwenda kuposa. Mimi na baba mdogo Deo, ndiye mshenga wangu, tulitoka Nyabusozi asubuhi kwa pikipiki, mimi naendesha, yeye nyuma na suti yake, safari ya kwa kina Edita, kijiji kimoja kabla hujafika Kabanga. Mzee Petro, baba yake Edita, alishawarudisha washenga wawili (wa vijana wengine, si wangu), kwa hiyo tangu Biharamulo mjini nilikuwa nasali kimoyomoyo. Na kwa vile nilitaka nionekane mtu, nilivaa glavu mpya za ngozi, zinabana hatari, hata kuzivaa nilisaidiwa na mama. Simu nimeifunga pale kwenye usukani.

Tumebakiza kilomita chache, ikaita. Edita, tena ya video. Nikasema nipokee nimwambie tumekaribia, natelezesha kidole, wapi, simu haiijui ngozi ya mbuzi. Mtu mwenye akili zake angesimama, lakini baba mdogo alishaniapia kwamba tukichelewa dakika moja mzee yule anafunga mlango, basi nikapunguza mwendo, nikainama, nikapokea kwa pua. (Msinitazame hivyo, nilishawaona bodaboda wakifanya nikaona ni ujanja.)

Sikusikia kitu, upepo huku, helmeti huku, jua limepiga kioo hata sioni, nikajua imekatika. Kumbe imepokelewa vizuri kabisa, na Edita alishampa simu baba yake aone wageni wamefika wapi, na wazee wenzake wanne wamemzunguka sebuleni, wote wanaangalia matundu ya pua yangu.

Huku nyuma baba mdogo akaanza kunipa mafunzo ya mwisho, kwa sauti ya kushindana na upepo.

"Mwanangu, tukifika wasifie ng'ombe wake. Hata kama wamekonda, sema hujawahi kuona ng'ombe kama hao. Yule mzee anapenda sifa kuliko chakula. Mimi nitamtaja marehemu bibi yako, nilie kidogo, hapo atalegea tu."

"Na akikataa?"

"Tunageuza. Wasichana wamejaa hata Runazi."

Hapo nilipandwa na hasira, nikamjibu bila adabu. "Wa Runazi wabaki Runazi. Wakinikataa leo nakuja kesho peke yangu, kesho kutwa tena, nitawalimia hata maharage mpaka waichoke sura yangu. Mimi namtaka Edita."

Upepo ulipotulia kidogo, simu ikakohoa. Kikohozi cha mtu mzima. Halafu sauti ikasema taratibu, "Endelea, mshenga, tunakusikia."

Kuanzia hapo ile pikipiki sijui ilikuwa inaendeshwa na nani. Nikabonyeza kwa glavu nikate, haikati. Nikabonyeza kwa pua, kichwa kikakinga jua, nikajiona kwenye kioo nimeota masikio ya paka, kumbe nimegusa mapambo ya video. Nikaing'ata glavu niivue kwa meno, na mtu anayeng'ata glavu haangalii anakokwenda, tukaacha lami tukaingia kwenye turubai la mama mmoja aliyeanika mihogo iliyovundikwa, ile inayopukutika unga. Hatukuumia, mwendo ulikuwa wa baiskeli, ila tuliinuka weupe wote wawili, na suti pia. Yule mama akaiokota simu iliyochomoka kwenye usukani, akaitazama.

"Shikamoo mzee Petro. Wageni wenu wako huku kwangu, wazima, ila wamenimwagia mihogo."

Akatugeuzia kamera ili watuone vizuri.

Tuliomba radhi, tukaokota mihogo kipande kwa kipande, tukafika tumechelewa kweli. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua, wazee wote wametulia kama wako misani, nami nikajua basi, Edita ndiyo nimempoteza hivyo. Baba mdogo akasimama aanze hotuba. Mzee Petro akamnyooshea mkono.

"Kaa, mshenga. Wewe nimeshakusikia." Akanigeukia mimi. "Wale wawili waliniletea maneno ya kupangwa, nikawarudisha nayo. Wewe umesema ukidhani sisikii. Binti yangu umempata."

Ndipo wazee wakaangua kicheko, mmoja akatoka nje kabisa, na baba mdogo akalia machozi ya kweli, bila hata kumtaja marehemu bibi.

Nimeapa: nikiwa kwenye pikipiki, simu iko ndani ya begi, imezimwa, apige nani au asipige nani. Lakini baba mkwe hajaniamini mpaka leo. Nikimpigia, hata niwe nimejilaza zangu kitandani, haitikii shikamoo yangu mpaka aniulize kwanza, "Umesimama?" Nami nainuka, nasimama wima, ndipo namjibu, "Nimesimama, baba."