Mama Alipomwambia Kinubi Anyamaze

Wadau, Kinubi, yule mwimbaji mnayecheza nyimbo zake kwenye harusi zenu, alikuja nyumbani kwetu. Akakaa kitandani kwa mama yangu, na mama akamwambia anyamaze kwa sababu anamsumbua kusikiliza wimbo.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kwake.

Kwenye ile video mliyotumiana, kipande hicho hakimo. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni ili niwe karibu na mama. Kiharusi kilimkuta anaosha vyombo. Kikaondoka na mkono wake wa kulia, kikaondoka na maneno, akabaki na yale machache ya kuokoteza.

Na sisi wanawe tukafutika kichwani mwake.

Mimi ananiita "wa mashine." Mdogo wangu, anayemwogesha na kumlisha, anamwita "nesi."

Unaambiwa asante na mama yako mzazi kama mtu wa zamu. Acha tu.

Sasa siku moja redio ya jirani ikapiga "Nisubiri Mlangoni" ya Kinubi. Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja. Nikasikia sauti nyuma yangu.

Mama anaimba.

Maneno yote, tena yamenyooka! Nilisahau pasi juu ya gauni mpaka nikaona moshi, na wala sikujali. Nikageuka kumwita mdogo wangu aje aone muujiza.

Alikuwa ameshafika. Amesimama mlangoni, uso umempauka.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Mdogo wangu alikuwa mwitikiaji kwenye bendi ya Kinubi. Alichomfanyia Kinubi kwenye chumba cha kubadilishia nguo sikiandiki hapa. Ni chake yeye kukisema, na alishakisema polisi. Jalada likapotea. Kinubi akaulizwa redioni, akacheka: "Kila binti anatafuta kiki mgongoni kwangu."

Mtangazaji naye akacheka. Watu wakamtukana mdogo wangu kwenye simu mpaka akabadilisha namba.

Tangu hapo haimbi. Hata kwenye keki ya kuzaliwa anapiga makofi tu.

Daktari alipomwona mama anavyoimba akasema, "Kinachomfungua mdomo, mpeni kila siku."

Nilijaribu nyimbo nyingine zote ninazozijua. Za dini, za zamani, za watoto. Mama ananitazama kana kwamba namsomea taarifa ya hali ya hewa.

Ni ule tu.

"Naufuta kwenye simu," nikamwambia mdogo wangu.

"Halafu mama aongee na nini?"

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa naanika nguo, dada."

Ndivyo tulivyoishi. Nikibonyeza wimbo, yeye anabeba beseni anatoka nje. Siku nyingine hakuna hata nguo chafu. Anaanua zilizokauka, anazianika upya.

Jirani yetu, Mama Pacha, alikuja kupima sketi yake, akamkuta mama anaimba. Akamrekodi, akarusha mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya, hajui lolote.

Video ikasambaa kama moto. Mtu mmoja tu aliandika: "Mwenye wimbo si ndiye yule aliyeshtakiwa na binti wa bendi yake?" Wakamvamia. "Muziki hauna dhambi." "Tenganisha kazi na mtu." "Mwacheni bibi wa watu afurahi."

Mchana mmoja gari kubwa likasimama nje.

"Dada yangu, Mungu amewaona!" Mama Pacha akaingia anapiga vigelegele. Nyuma yake Kinubi, nyuma ya Kinubi kamera, nyuma ya kamera nusu ya mtaa.

"Samahani kaka, mgonjwa amepumzika," nikasema.

"Dakika mbili tu, dada."

Kwa sauti ile ile ya kwenye wimbo. Akanipita.

Nikabaki pale na mkasi mkononi. Watu wamejaa mpaka dirishani, nitapiga kelele niseme nini? Nani ataniamini leo, kama hawakumwamini mwenyewe?

Jikoni nikasikia komeo likifungwa. Mdogo wangu alikuwa humo.

Kinubi akaketi kitandani, akamshika mama mkono ule mzima. Wakauweka wimbo kwenye spika. Naye akaanza kuimba juu yake, huku anaitazama kamera.

Mama akakunja uso. Akauchomoa mkono.

"Nyamaza."

Watu wakacheka. Kinubi naye akacheka. "Mama, ni mimi Kinubi! Mwenye wimbo ndiye mimi!"

"Nyamaza wewe baba. Mwanangu anakaribia kuimba."

Nikasogea karibu na spika.

Kiitikio kikafika. Nyuma ya sauti ya Kinubi kuna sauti nyembamba ya kike inamjibu. Mama akafumba macho, akaimba pamoja na ile. Ya nyuma. Mistari ile ile, sauti ile ile.

Siku zote zile hakuwa anamwimba Kinubi. Alikuwa anamfuata mdogo wangu.

Kinubi alielewa. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalikimbia.

"Kata," akamwambia wa kamera.

Wakaondoka. Video ikatoka: mama anaimba, Kinubi anafuta machozi. Nikaandika ukweli pale chini. Ukafutwa. Nikaandika tena, nikafungiwa.

Mdogo wangu alipofungua jikoni nilimuuliza kama amesikia.

"Nimesikia."

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ni mimi. Anayeimba pale ni mimi."

"Haya, nesi."

Akafungua mdomo akiimbe kile kiitikio. Ikatoka pumzi, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Pumzi tu.

Mama akampapasa shavu. "Pole, nesi. Usilie. Subiri umsikie mwanangu."

Jamani, mnaosema tutenganishe kazi na mtu, sina ugomvi na nyie. Ila mimi sioni pa kukata. Nikimtoa Kinubi kwenye ule wimbo, mdogo wangu anatoka naye. Nikiuacha, wamebaki wote wawili humo ndani.

Basi walau mjue hili: kazi ya mtu mkubwa ina watu wengine ndani yake, na wengine hawakutoka salama.

Kesho mama ataamka, ataulizia mwanawe. Mwanawe atabeba beseni.

Na mimi nitabonyeza.